Maswali ya Wasomaji: Kipindi Kizuri Kinalipiwa na Nani?

Mwezi huu maswali mengi yamegusa redio na runinga, na karibu wote mnalalamika kitu kimoja, kwamba vipindi vimejaa makelele, habari ni za kukopi, na hamjui msikilizaji wa kawaida anaweza kufanya nini zaidi ya kuzima. Nimechagua machache. Mengine nimeyajibu kwa kirefu maana yana mambo ndani yake, mengine jibu lake ni fupi tu.

Bi Mhariri salaam. Mi sa hivi kila kitu nakipata kwenye simu, habari, mpira, mahubiri, muziki, vyote bure. Halafu nasikia watu wanasema eti tuchangie vituo vya utangazaji visife. Kwani si tunasema kizuri chajiuza? Kama kituo kinakufa si maana yake watu hawakitaki? – Msikilizaji wa Kwenye Simu

Salama ndugu yangu, na asante kwa kusema waziwazi maana wengi wanawaza hivyohivyo ila wanakaa nacho moyoni.

Methali inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hapo ilikuwa inamfikiria mteja anayepita mwenyewe, anaangalia, anashika, anachagua. Kwenye simu hupiti popote, unaletewa, na kinachokuletea ni algorithimu, yani programu ya kompyuta inayokuchagulia cha kuona, ambayo haijui habari ipi imehakikiwa na ipi imepikwa, inajua tu ulikaa sekunde ngapi kwenye video na kama uliguswa ukakomenti kwa hasira. Kwa hiyo kibaya sa hivi hakihitaji hata kujitembeza, kinatembezwa na mashine usiku na mchana, na kile kipindi kilichochukua wiki nzima kutengenezwa kinagombea nafasi na mtu aliyejirekodi dakika tano akiwa kitandani. Kituo kikifa katika hali hiyo siwezi kusema watu wamekikataa, wengi wao hata hawakupata kukutana nacho.

Afu chukua klipu ya mwisho ya habari uliyoitazama. Yule anayechambua tukio akiwa kakaa kwenye kiti chake, zile picha kazitoa wapi? Mara nyingi kuna ripota alitumwa, kuna mpiga picha, kuna mhariri aliyepiga simu mara mbili kuhakikisha idadi ya majeruhi kabla haijasomwa, na wote hao walilipwa na kituo fulani. Hela ya matangazo ya biashara iliyokuwa inawalipa, sehemu kubwa imehamia kwa kampuni za mitandao ambazo hazikutuma mtu yeyote pale.

Na hizo kampuni hazina wajibu wowote kwako. Mwaka 2023 Kanada ilipitisha sheria ya kuzitaka kampuni kubwa za mtandao zivilipe vyombo vya habari, na Agosti mwaka huohuo Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, ikaamua kuondoa habari zote kwenye mitandao hiyo nchini humo. Mwezi uleule moto wa misitu ukausogelea mji wa Yellowknife huko kaskazini, wakazi kama 20,000 wakaambiwa wahame, na mtu akitaka kumtumia mwenzake kiungo cha habari kuhusu moto kupitia Facebook anazuiwa. Watu wakawa wanapiga picha skrini wanatumiana hivyohivyo. Mi nikifikiria mtu yuko barabarani na watoto kwenye gari, moshi uko nyuma yake, na anazuiwa kutuma habari iliyohakikiwa kwa sababu ya ugomvi wa hela ambao haumhusu, naona kabisa kwa nini lazima kuwe na kituo ambacho kazi yake ya kwanza ni kumwambia ukweli.

Sasa kuhusu nani alipe, nchi zimejaribu njia nyingi. BBC ilipoanza mwaka 1922 msikilizaji alikuwa analipa shilingi kumi kwa mwaka za leseni ya redio, na mpaka leo shirika linaishi zaidi kwa ada ya leseni, ingawa sasa ni ya runinga na mabishano hayaishi. Ujerumani tangu 2013 kila kaya inalipa, uwe na runinga usiwe nayo, maana walishaona kwamba vipindi vinasikilizwa kwenye simu na kompyuta na ukianza kuhesabu vifaa hutamaliza. Ufini wana kodi maalumu tangu 2013, Uswidi wakafuata 2019. Ufaransa wao mwaka 2022 walifuta ada wakaamua utangazaji wa umma ulipwe kutoka kwenye sehemu ya kodi ya ongezeko la thamani. Uswisi wananchi waliulizwa kabisa kwa kura Machi 2018, mnataka ada ifutwe? Asilimia 71.6 wakasema hapana. Ni watu walewale wenye simu na intaneti ya kasi, na waliamua kuendelea kulipa.

Maoni yangu ni kwamba ada au kodi iliyotengwa ni salama kuliko fungu la bajeti linalojadiliwa upya kila mara. Marekani walikuwa na shirika la kugawa fedha za utangazaji wa umma lililoundwa kwa sheria ya 1967, na Julai 2025 Bunge likafuta dola bilioni 1.1 ambazo zilikuwa zimeshaidhinishwa kwa miaka miwili, mwezi uliofuata shirika likatangaza linafunga shughuli zake. Vituo vikubwa vya mijini vina wachangiaji wengi, vilivyotikisika zaidi ni vile vidogo vya vijijini ambavyo fungu hilo ndo lilikuwa linalipa fundi na umeme.

Kwako wewe, kama mahali ulipo kuna ada, lipa. Kama kituo unachokiamini kinapokea michango ya hiari, bora utoe kidogo kila mwezi kuliko kingi mara moja, kwa sababu hela inayojulikana itakuja ndo inayomfanya meneja athubutu kuajiri ripota. Na kama huna cha kutoa basi fungua redio yenyewe au programu yao yenyewe badala ya kungoja klipu, kwa sababu vituo vinahesabu hilo na wadhamini wanalitazama.

Shikamoo Bi Mhariri. Mi nashindwa kuelewa, mnasema utangazaji wa umma, kwangu naona ni redio ya serikali tu kwa jina jingine. Serikali ikilipa si itasema isifiwe? – Mwanafunzi wa Chuo

Marahaba mwanangu. Wasiwasi wako una msingi na usiuache, ila usiishie hapo.

Ugiriki, tarehe 11 Juni 2013, serikali ilitangaza mchana kwamba shirika la utangazaji la ERT linafungwa na usiku uleule mitambo ikazimwa, watu waliokuwa wanatazama wakaona skrini nyeusi. Watumishi zaidi ya 2,000 wakawa hawana kazi. Baadhi yao walikataa kutoka, wakaendelea kurusha matangazo kwa intaneti, na shirika likarudi hewani rasmi Juni 2015. Kwa hiyo ndiyo, anayeshika swichi anaweza kuizima, na swali la maana ni nani anashika na kwa masharti gani.

Wajerumani walilijibu hilo mahakamani. Mwaka 1961 serikali ya Kansela Adenauer ilitaka kuanzisha runinga yake ya kitaifa, Mahakama ya Katiba ikakataa, ikasema utangazaji usiwe mkononi mwa dola wala mwa kundi moja la jamii. Mwaka 2014 mahakama hiyohiyo ikarudi tena kwenye mabaraza yanayosimamia ZDF, runinga ya umma ya huko, ikaamua wanasiasa na watu wa karibu na serikali wasizidi theluthi moja ya wajumbe. Na kiwango cha ada huanza kukokotolewa na tume huru ya wataalamu, waziri aliyekasirishwa na habari ya jana hawezi kuamka asubuhi akaipunguza. Umoja wa Ulaya nao sheria yake ya uhuru wa vyombo vya habari, ambayo vifungu vyake vingi vilianza kutumika Agosti 2025, inazitaka nchi wanachama zivipe vyombo vya umma fedha za kutosha na zinazotabirika, na wakuu wake wateuliwe kwa utaratibu ulio wazi.

Kwa hiyo ukitaka kujua kituo chako ni cha umma au cha serikali usisome bango la getini. Uliza mkuu wake anateuliwa na nani na anaweza kufukuzwa kwa sababu gani, hela yake inajulikana kwa miaka mingapi mbele, na kaa usikilize wiki moja kama waziri anabanwa kwa maswali sawasawa na mpinzani wake. Hilo la mwisho halihitaji sheria, linahitaji masikio tu, na watangazaji wanajua mnasikiliza.

Dada habari za kazi. Mi ni mtangazaji kijana, mwaka wa pili sasa. Bosi wetu anachoangalia ni namba za klipu mtandaoni. Nikiomba siku mbili niandae ripoti ya kueleweka naambiwa we ongea tu, maikrofoni iko wazi. Naipenda hii kazi ila naona naiharibu. Nifanyeje? – Kijana wa Asubuhi

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara kadhaa na ntalijibu kwa kirefu kwa sababu we ndo utakuwa hewani miaka ishirini ijayo.

Kwanza ubora usiutafute mbali. Upo kwenye vitu vidogo ambavyo uko navyo kila siku mezani. Chukua mfano huu. Umemhoji mkubwa wa kampuni ya usafiri, umemuuliza je mtapandisha nauli? Akanyamaza kidogo, ukasikia anavuta pumzi, akasema hapana, sio mwaka huu. Umerudi studio una sekunde arobaini tu kwenye taarifa, unakata ile kimya kwa sababu inakula muda, unakata pia yale maneno sio mwaka huu kwa sababu unaona hapana peke yake inatosha. Kinachotoka hewani ni swali lako na hapana iliyonyooka. Hujaongeza neno lake hata moja, yote ni sauti yake mwenyewe, na bado umewadanganya watu, maana ile pumzi na yale maneno matatu ndo yalikuwa habari yenyewe. Mtu aliyesikia toleo lako ataenda kupanga maisha yake ya mwaka kesho kwa hapana ambayo haikuwepo.

Sasa ukielewa hilo utaelewa na klipu. Mi sikuambii uzikatae, watu wako huko na lazima tuwafuate, ila jiwekee sharti moja kwamba klipu isimame yenyewe kwa ukweli, yani mtu asiyesikia kingine chochote zaidi ya zile sekunde thelathini asiondoke na uongo. Wengi hawatarudi kusikiliza kipindi kizima, hiyo ndo hali halisi, kwa hiyo huwezi kujitetea kwamba maelezo yalikuwepo kwenye dakika ya kumi na nane.

La pili ni haki ya kujibu. Ukiwa na tuhuma dhidi ya mtu mpigie mapema, mweleze tuhuma yenyewe ni ipi na itaruka lini, mpe muda wa kutafuta nyaraka zake. Kumpigia dakika kumi kabla ya kipindi halafu ukasema hewani tulimtafuta hakupatikana, hiyo ni hila na wasikilizaji siku hizi wanaijua. Kituo ambacho watuhumiwa wanakubali kwenda kujibu kina habari nyingi kuliko kituo ambacho wote wanakikimbia, we fikiria mwenyewe.

Tatu, skripti yako isome kwa sauti kabla hujaingia hewani, kila mara, hata kama ni mistari minne. Sikio halina nafasi ya kurudi nyuma kama jicho kwenye karatasi. Sentensi yenye tarakimu tatu na vyeo viwili msikilizaji anaitupa yote. Sema karibu nusu, sema zaidi ya elfu mbili, ile namba kamili iweke kwenye maandishi ya mtandaoni kwa anayeihitaji.

Kuhusu bosi usiende kugombana naye juu ya namba, mwombe namba nyingine. Wangapi walisikiliza mpaka mwisho? Wangapi wamerudi kesho yake? Wangapi walipiga simu na walisema nini? Klipu ya ugomvi inapata watazamaji wengi na kesho hakuna anayekumbuka ilikuwa ya kituo gani, ripoti iliyoeleza kwa nini maji hayatoki inaweza kupata wachache na wale wachache wakawa wako kwa miaka. Muombe muda wa ripoti moja tu kwa wiki, uifanye vizuri, upeleke matokeo yake mezani. Na zile rekodi zako ghafi usizifute, siku mtu akisema ulimkata vibaya hizo ndo zitakutetea.

Ukikosea, sahihisha hewani, kipindi kilekile, saa ileile, kwa sauti ileile uliyosemea kosa. Kusahihisha usiku wa manane kwa maneno ya harakaharaka ni kuwadharau waliokusikia asubuhi.

Kwenye redio tunayoisikiliza kuna daktari anakuja kila Jumatano kuelezea magonjwa, anaelezea vizuri sana, ila mwishoni lazima ataje dawa fulani na namba ya kuagiza. Je ni sawa? – Mama wa Watoto Wanne

Mama yangu, sio sawa kama hujaambiwa mwanzoni kabisa kwamba kipindi kimelipiwa na nani. Mtu kulipia kipindi sio dhambi, vituo vingi vinaishi kwa wadhamini. Ubaya unaanzia pale tangazo linapovalishwa nguo ya kipindi cha afya, mtangazaji anauliza maswali mepesi aliyoandikiwa, na we mwenye mtoto mgonjwa nyumbani unasikiliza ukiamini unapewa ushauri. Kituo chenye nidhamu kinataja mdhamini kabla, katikati na mwisho, na mdhamini haandiki maswali.

Jaribu hivi, piga simu kipindi kikiwa laivu uulize kwa heshima, dokta hiyo dawa inamfaa nani na haimfai nani, na kuna nyingine ya bei nafuu inayofanya kazi hiyohiyo? Wakikukatia simu umeshapata jibu lako. Na dawa yoyote ya mtoto usiinunue kwa kusikia redioni, mpeleke akapimwe.

Kwa nini matangazo ya biashara yanapiga kelele kuliko kipindi? Nashtuka usiku mpaka watoto wanaamka. – Mtazamaji wa Usiku

Pole sana. Wanaotengeneza tangazo wanaibana sauti, yale maneno ya chinichini wanayapandisha yafikie yale ya juu, kwa hiyo kilele cha sauti kinaweza kuwa sawa na cha kipindi lakini sikio lako linasikia tangazo limejaa muda wote. Zamani vituo vilikuwa vinapima kilele tu ndo maana walikuwa wanapita. Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ulitoa mwongozo mwaka 2010 kwamba kipimwe kiwango cha sauti jinsi sikio linavyoisikia, na Marekani waliweka sheria iliyoanza kufanya kazi Desemba 2012 kwamba tangazo la runinga lisizidi kipindi linachoambatana nacho. Kituo kinachoacha tangazo likupigie kelele kwa kawaida hakikosi mashine, fundi wake hajaambiwa kwamba ni muhimu. Waandikieni, hili wakitaka wanaweza kulirekebisha haraka.

Nimesikia kuna redio sa hivi zinatumia sauti za akili bandia badala ya watangazaji. Je huo ndo mwisho wa kazi yetu? – Mwenye Maikrofoni

Kaka yangu, huko Poland mwezi Oktoba 2024 kituo kimoja cha Kraków kiliachana na watangazaji wake kikaweka watatu waliotengenezwa na kompyuta, wakapewa majina na historia za maisha, na kikarusha hadi mahojiano ya kubuni na mshairi Wisława Szymborska aliyefariki mwaka 2012. Watu wakachukia, maelfu wakasaini malalamiko, na jaribio likasitishwa ndani ya takriban wiki moja.

Mimi sioni ubaya wa mashine kusoma hali ya hewa saa tisa usiku au kuandika maneno ya kipindi ili asiyesikia naye asome, hiyo ni huduma nzuri na iongezwe. Ila mtangazaji ni mtu anayewajibika, akisema uongo anaitwa, anaulizwa, anaomba radhi, anaweza hata kushtakiwa. Mashine utamuita nani? Kwa hiyo pale inapotumika msikilizaji aambiwe, na nyuma yake awepo mhariri mwenye jina. Na we kama kazi yako yote ni kusoma kilichoandikwa na wengine kisha kupiga nyimbo, basi ni kweli uko hatarini. Toka studio ukaongee na watu, hapo bado hamna mashine ya kukufuata.

Bi Mhariri, nililalamika kwenye kituo fulani kuhusu habari iliyomchafua mtu asiye na hatia, hawakujibu. Tunalalamikaje ili tusikilizwe? – Mzee wa Mtaa

Shikamoo mzee wangu. Malalamiko mengi yanayofika vituoni yanasema tu vipindi vyenu vibovu au mnapendelea, na mhariri hata akiwa na nia njema hana pa kuanzia. Andika siku, saa, jina la kipindi, maneno yenyewe yaliyosemwa, kisha useme kosa ni nini hasa na unataka nini kifanyike, marekebisho hewani au nafasi ya kujibu. Ukurasa mmoja tu unatosha.

Na fanya haraka, hili watu hawalijui. Vituo vina wajibu wa kutunza rekodi kwa muda maalumu tu. Uingereza kwa mfano mdhibiti anavitaka vituo vya redio vitunze siku 42 na vya runinga siku 60, baada ya hapo rekodi ikifutwa hakuna aliyevunja sheria na malalamiko yako yanabaki maneno matupu. Kwa hiyo kwenye barua yako ya kwanza omba rekodi hiyo itunzwe. Peleka kwa kituo kwanza, wasipojibu ndani ya muda unaoeleweka peleka kwa mdhibiti wa utangazaji au baraza la habari ukiambatanisha nakala ya barua ya kwanza na uthibitisho kwamba ilipokelewa.

Na mzee wangu, siku ukisikia kipindi kimefanywa vizuri waandikie pia kwa utaratibu huohuo, taja siku na saa na kilichokugusa. Wahariri wanazipeleka barua hizo kwenye vikao vya bajeti, prodyuza aliyetishiwa kufungiwa kipindi anaweza kuitoa mfukoni akaisoma mbele ya wakubwa.

Sisi ni kikundi cha majirani kumi na wawili, tunapenda redio ya mazungumzo na tunaona inakufa. Hatuna hela nyingi. Kuna kitu tunaweza kufanya pamoja? – Kikundi cha Jioni

Kipo, na kilishafanywa vizuri sana zamani. Mwaka 1941 Kanada walianzisha kipindi cha redio cha wakulima ambacho kilikuwa hakisikilizwi mtu mmoja mmoja. Majirani walikusanyika nyumba moja jioni moja kwa wiki, kila kikundi kilikuwa kimetumiwa karatasi ya kusoma kabla, wanasikiliza pamoja, wanajadili, wanaandika majibu na kuyatuma, na majibu ya vikundi yakawa yanarudi kusomwa hewani. Soma, sikiliza, jadili, tenda, ndo ilikuwa kaulimbiu yao. Kiliendelea mpaka 1965, na katikati yake utaratibu huo ukachukuliwa India, wakaujaribu mwaka 1956 maeneo ya Poona kwa msaada wa UNESCO, na Ghana nao wakaufanya miaka ya 1960.

Kilichonivutia mimi ni kile cha majibu kurudi. Prodyuza alikuwa anajua kuna watu wamekaa kimya wanasikiliza mpaka mwisho na kesho kutwa atapokea karatasi inayomwambia hapa hatukuelewa, hapa umempendelea mgeni wako, hapa uliacha swali ambalo sote tulikuwa tunalingoja. Ukijua unasikilizwa hivyo huwezi kuingia studio bila kujiandaa.

Nyie kumi na wawili mnatosha kabisa kuanza. Chagueni kipindi kimoja tu, muandikieni prodyuza kabla mumwambie mpo na mtakuwa mnakisikiliza kila wiki, kisha baada ya kila kipindi mmoja wenu aandike mistari kumi kwa zamu, kilichoeleweka, kilichokosekana, na swali moja la kufuatilia. Podikasti nayo inafaa, mnaweza kuisimamisha katikati mkabishana kisha mkaendelea, kitu ambacho wale wa 1941 hawakuwa nacho. Mwombeni aje siku moja akae nanyi, au ampigie mmoja wenu simu kipindi kikiwa laivu. Akikubali niandikieni mlipofikia, na kama baada ya mwezi hajajibu niandikieni pia, tutatafuta njia nyingine ya kumfikia.